Saini Mbili, Jicho Moja

Asubuhi ya Alhamisi ile sikuwa na usingizi, sikuwa na hamu ya chai, sikuwa na kifungo cha juu kwenye koti langu jeupe. Sikuwa na miwani, kwa sababu nilikwisha apa mbele za watu kwamba siihitaji. Sikuwa na rafiki wa kumwambia yaliyonisibu. Sikuwa na ujasiri hata wa kujaza kisoda.

Nilichokuwa nacho tele ni sifa. Picha yangu imetundikwa ukumbini mwa hospitali, karibu na dirisha la dawa, na chini yake wameandika: Muuguzi wa Mfano. Tangu Jumatatu nilikuwa nikipita hapo nimeinamisha kichwa, kama mwanafunzi mchelewaji anayepita mbele ya ofisi ya mwalimu mkuu.

Wewe uliyenikuta njiani, shika haya machache. Mimi ni mzee. Nilianza kwa kufagia wodi hizi hizi, nikasoma masomo ya jioni miaka tisa, nikawa muuguzi. Nilistaafu, wakaniita tena kwa kuwa wauguzi hawatoshi. Wenzangu waliniita Mzee Hakosei, nami nililipenda jina hilo kuliko lile nililopewa na mama yangu.

Jumatatu, saa nne asubuhi, Mzee Hakosei alikosea.

Nilitakiwa kuchanganya unga wa dawa na maji, kisha nimchome mgonjwa wa kitanda cha kumi na moja, mama mmoja fundi cherehani aliyelazwa kwa kidonda cha mguu. Kichupa cha maji kina shingo ya buluu. Yale maandishi madogo ubavuni mwake sikuwa nikiyaona tangu mwaka juzi. Nilikwenda kwa rangi. Wiki ile bohari ikatuletea chumvi kali ya dripu, ile ambayo ukiisukuma mshipani moja kwa moja husimamisha moyo. Nayo ilikuja kwenye kichupa chenye shingo ya buluu.

Sheria ya wodi inasema wawili wasome, wawili watie saini. Sisi tulikuwa na desturi yetu. Mkubwa hutamka, mdogo hutia saini. Tena saini ya mkubwa hukaa safu ya pili, safu ya aliyehakikisha, hata kama ndiye aliyechanganya. Tuliita heshima. Nikatamka, "Maji." Binti muuguzi tunayemwita Chiriku akatia saini safu ya kwanza bila kutazama kichupa. Atazame nini? Aliyesema ni Hakosei.

Moyo wa fundi ulisimama dakika mbili. Daktari akaurudisha, lakini mama wa watu akabaki amelala, hajui mchana wala usiku.

Ukilifungua daftari la dawa, linasema Chiriku alichanganya, mimi nikahakikisha. Chiriku akasimamishwa kazi siku ile ile. Kamati ingekaa Ijumaa saa tatu asubuhi kuamua kama atafutwa uuguzi. Mimi nilikwisha andika maelezo, mistari minne isiyo na uongo hata mmoja wala ukweli hata mmoja.

Haya yote nimekusimulia. Lipo moja nililoruka. Nililiogopa, na hata sasa naliogopa.

* * *

Alhamisi saa tatu nilikuwa chumba cha mashuka, mlango nimeurudisha. Ukafunguka.

"Mzee wangu, unajificha?"

Alikuwa Chiriku, amevaa nguo za nyumbani. Sikuwahi kumwona bila sare. Alionekana mdogo, kama mtu aliyemfuata mama yake kazini.

"Nahesabu mashuka," nikasema.

"Hiyo uliyoshika ni foronya."

Nikaiweka chini. Macho yake yalikuwa yamevimba, ila ulimi wake haukuwa umevimba hata kidogo.

"Umekula?"

"Nimekunywa chai."

"Muongo. Haya, nisikilize, maana nikikutwa humu ndani ni kesi nyingine. Nimeamua. Kamati itajua nilichanganya mimi na nikachoma mimi. Basi."

"Wee!"

"Usiniwee, baba. Fikiri kwanza. Mimi wakinifuta nitafundisha chekechea. Naongea sana, watoto watanipenda. Wewe wakikufuta utafanya nini? Utakaa barazani siku tatu, ya nne tutakuja kukuzika. Nakujua."

"Hukuchanganya wewe."

"Sikutazama. Kazi yangu ilikuwa kutazama. Unakumbuka mwezi wangu wa kwanza? Nilikuwa siupati mshipa, wagonjwa wananikimbia. Ukakunja shati, ukasema nichome mimi mpaka ujue. Nilikuchoma mara sita. Hukusema hata aa."

"Niliumia."

"Najua uliumia. Ndiyo maana nimekuja."

Hapo, msomaji, muungwana angesema hapana. Baba angesema hapana mara mbili.

Mimi nikasema, "Tuone."

Neno moja tu. Na nilipolitamka, kitu kilinishuka kifuani, kikatulia tumboni, laini, kitamu. Ilikuwa nafuu. Binti aliyenichoma mara sita alikuwa anakwenda kuchinjwa badala yangu, na mimi nilisikia nafuu.

Alinitazama kidogo, akanifunga koti pale palipokosa kifungo kwa pini aliyoitoa kwenye kitambaa chake cha kichwa, akatoka.

Nilikaa juu ya mashuka. Jumatatu niliogopa kamati. Sasa nikaanza kumwogopa mtu aliyekuwa amevaa koti langu. Nikakumbuka mwezi uliopita, mzee mwenzangu alipokata roho kitanda cha nne, nilinawa mikono nikauliza kama chakula cha mchana kimeiva. Nilidhani ule ni uhodari. Nilidhani ndivyo mtu anavyokomaa. Kumbe nilikuwa nimekauka, na hapakuwa na aliyeniambia, maana nani humwambia Hakosei?

* * *

Metroni wetu ni mdogo kuliko mtoto wangu wa kwanza. Kila Alhamisi saa saba mchana huwakusanya wauguzi na wahudumu kwenye chumba cha zamani cha mazoezi ya viungo. Viti duara, simu nje, kila mtu na daftari lake. Wanasimulia kilichowapata kazini na kilichowapata moyoni. Mimi nilikiita kikao cha machozi, na kwa miezi minane sikukanyaga. Nilisema wazi kwamba enzi zetu tulilia nyumbani, kwa wake zetu, au hatukulia.

Siku ile alinisimamia mlangoni. "Mzee, leo unakuja."

"Nina kazi, metroni."

"Sijakuomba, mzee wangu."

Tulikuwa wanane. Mkunga akaanza. Alisimulia mtoto aliyezaliwa kimya, na jinsi alivyojifungia chooni robo saa, akatoka akamzalisha mwingine huku anatabasamu. "Lile tabasamu," alisema, "ndilo lililonitisha. Lilikuja lenyewe, kama la mwanasesere."

Nilipoisikia hiyo nikakaza macho sakafuni. Nililijua tabasamu hilo. Nilikuwa nalo.

Akafuata msukuma machela, mtu mnene wa vichekesho tunayemwita Baba Machela. "Mimi mgongo unauma na roho inauma," akasema. "Mgongo nimepewa vidonge. Roho nimeambiwa nije hapa." Watu wakacheka. Kisha akaacha kucheka. "Leo asubuhi nimemsukuma yule fundi kwenda kupigwa picha ya kifua. Amezinduka."

Nikainua kichwa.

"Amezinduka, anaongea. Neno lake ni moja tu. Kila anayepita anamuuliza: yule baba aliyeniambia nivumilie yuko wapi?"

"Karani wa kamati alikuwepo," Baba Machela akaendelea. "Akasema akili ya mama bado haijatulia, maneno yake hayaandikwi."

Metroni akanigeukia, si kwa ukali.

"Mzee, Jumatatu ilikuwa zamu yako ya ngapi bila kupumzika?"

"Sikuhesabu."

"Mimi nimehesabu. Ya kumi na tisa. Na aliyekupangia ni mimi. Hilo ni langu, nimekwisha waandikia kamati."

Nikapandwa na hasira, maana hofu ikikosa mlango hutokea dirishani kwa sura ya hasira. "Enzi zetu tulipiga zamu thelathini! Hakuna aliyelia!"

"Enzi zenu mlikuwa mnaona, mzee," akasema Baba Machela.

Hakuna aliyecheka.

"Una maana gani?"

"Wodi nzima inajua. Chati unaisoma umenyoosha mkono mpaka mwisho, kama imekutukana. Tukasema, ah, mzee ana namna yake. Nani angekuambia?"

Miaka miwili nilikuwa nikificha, na wote walikuwa wakinisaidia kuficha. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Lakini mimi niliyaficha maradhi yangu, kifo kikaenda kupiga hodi kitanda cha kumi na moja.

Metroni akagawa kalamu. "Andikeni mambo matatu. Kilichotokea. Nilichosikia mwilini na moyoni. Halafu: angekuwa mwenzangu ndiye aliyefanya hivi, akanijia, ningemwambia nini?"

"Hilo la tatu ni kujidekeza," nikasema.

"Kujidekeza ni kusema hukukosa. Mimi sijasema hivyo. Mwambie umekosa. Ila mwambie kama unavyomwambia mtu unayetaka aishi." Akaniwekea daftari mapajani. "Mzee, mtu anayejichapa viboko mchana kutwa, jioni hana mkono wa kushikia kalamu. Na kuna barua hujaandika."

Alijua. Sijui alijua kiasi gani, lakini alijua.

Nikafungua daftari. Mistari yake ilikuwa ukungu mtupu. Nikatia mkono mfukoni kutafuta leso, vidole vikagusa kitu kigumu. Kilikuwa kikasha cha miwani. Ile ile niliyoificha chini ya soksi tangu mwaka juzi. Mama watoto aliniwekea asubuhi, bila neno. Miaka arobaini na mmoja ya ndoa, msomaji, na mwanamke yule bado huninyamazia kwa sauti kubwa.

Nikaivaa mbele ya watu saba.

"Karibu, mzee," akasema Baba Machela kwa upole. "Huku ndiko tunakoishi."

Nikaandika kilichotokea. Na hapa ndipo lilipo lile nililoruka.

Nilipoanza kusukuma ile dawa, fundi alinishika kifundo cha mkono. Akasema, "Baba, inaunguza." Sindano ya maji na unga haiunguzi vile. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza analijua hilo. Mimi nikamwambia, "Vumilia." Akasema tena, "Baba, naungua." Nikasema, "Vumilia, mama, sote tunavumilia." Nikaendelea kusukuma. Aliyelivuta bomba la sindano mkononi mwangu ni Chiriku. Kama si yeye, lingekwisha lote.

Sikuwa nimekosa macho tu. Nilikuwa nimekosa masikio.

Vumilia niliambiwa nilipofagia. Vumilia niliambiwa nikisoma kwa kibatari baada ya kazi. Vumilia nilijiambia mwenyewe zamu ya kumi, ya kumi na tano, ya kumi na tisa. Neno lililonijenga ndilo nililomchomea mgonjwa.

Kalamu ikasimama kwenye swali la tatu. Nikajaribu kumwona mzee mwingine, koti lina pini shingoni, amekaa kiti cha mbele yangu. Nilidhani nitamtukana. Badala yake nikajikuta nimeandika: Kaa kwanza. Umekula? Mara ya mwisho kulala usingizi ni lini? Umechoka, mwenzangu, umechoka tangu zamani, na hukuruhusu mtu akuone umechoka. Hilo si uovu. Lakini binti wa watu anaangamia. Inuka ukaseme. Ukiogopa, nitakusindikiza mpaka mlangoni.

Nikaisoma mara mbili. Katika maisha yangu yote sikuwahi kuongea na mimi mwenyewe kwa adabu namna ile.

Hofu haikwenda popote, nisikudanganye. Ila sasa nilikuwa na mtu wa kuogopa naye.

* * *

Masjala hufunga mfuko wa barua saa tisa alasiri. Nilirudi chumba cha mashuka saa nane na nusu nikaandika juu ya rundo la foronya. Ukurasa mmoja. Aliyechanganya ni mimi. Aliyechoma ni mimi. Kichupa sikukisoma kwa kuwa siwezi kukisoma bila miwani, na miwani sikuivaa kwa kiburi. Mgonjwa alisema inaunguza, nikamwambia avumilie. Saini yangu iko safu isiyo yake. Muuguzi aliyesimamishwa ndiye aliyeokoa maisha ya mama yule. Alichokosa ni kuniamini.

Mkono ulitetemeka mpaka herufi zikaonekana zinapanda kilima. Sikuirudia. Zitetemeke, nazo ni ushahidi.

Nilipopita ukumbini nikainua kichwa nikaitazama picha yangu. Kwa miwani niliona kitu kipya: siku ile walipoipiga, macho yangu yalikuwa yamechoka sana. Hakuna aliyeliona hilo, wala mimi.

Tarishi wa masjala ni mtumwa wa saa. Dakika moja ikizidi hapokei hata barua ya mkurugenzi. Mfuko wa kamati ulikuwa wazi juu ya meza, lakiri yake tayari pembeni.

"Mzee Hakosei! Umebakiza dakika sita. Ziba bahasha."

Nikailamba. Ulimi ulikuwa mkavu kama karatasi yenyewe, bahasha ikafunguka. Nikalamba tena, ikafunguka tena.

"Una nini, mzee? Unaumwa?"

"Naogopa," nikasema.

Sijui nani alishtuka zaidi, yeye au mimi. Akanisogezea chupa ya gundi bila kuuliza. Nikaziba, nikabana kwa kiganja mpaka ikashika.

"Haya, tia saini hapa nami nitie yangu, tufunge." Alikwisha shika kalamu, anatia saini yake huku ananitazama usoni.

"Ngoja!"

"Nini tena?"

"Usinitazame mimi. Tazama bahasha. Soma kwa sauti imeandikwa inakwenda wapi."

"Mzee, wewe umeandika, mimi nisome nini? Nani asiyekujua?"

"Mwanangu, soma."

Akaona sitanii. Akaichukua, akaisoma neno kwa neno: kwa mwenyekiti wa kamati ya uchunguzi, imetoka kwa muuguzi wa wodi ya tatu. Nami nikafuatisha kwa macho yangu, kwa miwani yangu, kila herufi. Kisha nikavuta daftari la barua ili nitie saini safu ya kwanza, safu ya mtumaji, mahali pangu.

Ndipo nikaona mstari wa juu yake.

Saini ile naijua. Inaanza na kitanzi kikubwa, kama mtu anayeanza kuongea kabla hajafika. Nimeiona kando ya yangu kwa miaka mitatu. Imetumwa leo, saa mbili na dakika kumi asubuhi. Kwa mwenyekiti wa kamati.

Alinijia chumba cha mashuka saa tatu.

Kumbe hakuja kuniomba ruhusa. Barua ilikwisha kwenda. Alikuja kuniaga, na mimi nikamwambia "tuone."

"Nirudishie hii," nikasema. Sauti haikuwa yangu. "Hii ya asubuhi. Si ya kweli."

"Mzee, barua ya mtu mwingine? Iko ndani ya mfuko. Ikishaingia haitoki."

"Amejisingizia! Kesho wataisoma!"

"Na yako je, inasemaje?"

"Inasema ni mimi."

Tarishi akanitazama. Na usoni mwake, polepole, nikaliona likija tabasamu, lile la watu wanaopita chini ya picha yangu ukumbini. Tabasamu la heshima.

"Ah, mzee wangu," akasema. "Sote tunajua unavyowapenda hawa mabinti. Lakini usijitoe kafara. Nani ataamini kwamba wewe umekosea?"

Hapo ndipo nilipoielewa hofu yenyewe. Daftari la dawa linakubaliana na barua yake. Maelezo yangu ya kwanza yanakubaliana na barua yake. Upande wangu nina karatasi moja yenye herufi zinazopanda kilima, na fundi mmoja, mwisho wa korido, ambaye maneno yake hayaandikwi.

Saa ya ukutani ikagonga tisa. Nikatia saini. Tarishi akaitumbukiza bahasha yangu juu ya ile ya Chiriku, akavuta kamba ya mfuko, akapiga lakiri.